Chumvi ya Mdomo, Chumvi ya Damu

Nasikia huko shule ya uuguzi mnafundishwa tezi kwa picha za rangi. Tezi ya shingo ya waridi, kongosho la njano, na zile mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zimevikwa rangi ya chungwa kama kofia za sikukuu. Hongereni. Sisi tulikuwa na ubao mmoja na chaki ya kugombania. Mwalimu alipofika kwenye tezi za juu ya figo, kengele ililia. Akasema tutazimaliza juma lijalo, na juma lijalo akahamishiwa Lubutu. Kwa hiyo nilianza kazi nikiamini kwamba juu ya figo za binadamu kuna mafuta tu, kama kwa mbuzi.

Mimi ni Mama Zaina. Nimeuguza watu hapa Kindu mpaka magoti yakaniambia basi. Sasa nakaa nyumbani, na nyinyi vijana mnanijia na simu zenu kuniuliza maswali ambayo majibu yake mmekwisha kuyapata, mwone tu kama bibi anajua. Juzi alikuja mmoja wenu, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akanionyesha picha ya mwanamke wa Ulaya aliyegeuka rangi ya kahawia.

“Mama Zaina, hii ugonjwa ya tezi za juu ya figo, kwetu haiko,” akasema. “Katika staji yangu yote hospitalini sijaona hata mumoja.”

Nilimtazama vizuri. Kijana anatafuta ugonjwa wa kugeuka mweusi, anautafuta Maniema, na anautafuta kwa picha ya Mzungu. Mtu kama huyo ukimtuma kununua samaki atarudi akikuambia mto Lualaba umekauka.

Sikumcheka sana, kwa sababu mimi niliwahi kuwa mjinga kuliko yeye, tena mbele ya watu wengi. Nikasema nitaandika. Basi someni, na zimeni hizo simu kidogo, hazitakufa.

Ilikuwa wakati wa vita. Mji ulikuwa umezingirwa, reli imelala, na aliyekwenda shambani alikwenda akiwa amekwisha kuaga. Ndege ndogo zilikuja kuchukua mawe ya madini, na zilipokuja zilileta vitu vya Komanda wa jeshi lililotushika na wakubwa wenzake: bia, betri, manukato. Chumvi haikuwa kitu cha wakubwa. Iliadimika mpaka ukimwona mtu amebeba kifurushi kidogo kifuani ukajua amebeba chumvi. Wanawake wakarudia ufundi wa bibi zao. Walivuna majani ya majini kando ya mto, wakayakausha, wakayachoma, wakachuja majivu yake kwa maji, wakachemsha yale maji hadi yakakauka. Chini ya sufuria ilibaki chumvi ya kijivu, chungu kidogo, lakini sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ililika.

Siku moja Papa Assumani, mkulima wa mpunga aliyekimbia na familia yake kutoka upande wa Kibombo, alimleta mke wake, Mama Faida. Walikuwa wakiishi Alunguli, ng'ambo ya mto. Mama alikuwa amekonda, anatapika, na akisimama anashika ukuta. Nikamwuliza mume shida ni nini.

“Munganga, bibi yangu anakula chumvi.”

“Papa, kila muntu anakula chumvi.”

“Hapana. Ye anaikula yenyewe. Bila bugali, bila sombe. Anaramba mukono sawa mbuzi. Majirani wanasema iko mulozi, wanaficha vyombo vyao.” Akasita kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: “Tena nguvu imemuisha, na amekuwa mweusi.”

Nikamwuliza: “Papa, wakati ulimuoa alikuwa muzungu?”

Wodi nzima ikaangua kicheko. Hata mgonjwa wa ngiri, aliyekatazwa kucheka, alicheka. Papa Assumani akainamisha kichwa. Kumbukeni, wapenzi wangu: mume huyo alikuwa ameshanipa ugonjwa wote kwa maneno matatu, chumvi, udhaifu na weusi, na mimi nikamlipa kwa mzaha. Ndiyo maana nawaambia, mgonjwa akisema kitu cha kuchekesha andikeni kwanza, mtacheka mkiwa nyumbani.

Nikaandika kwenye fishi, kadi ya mgonjwa: minyoo. Wakati ule kila tusichokijua kilikuwa minyoo. Leo naona mmeendelea sana, kila msichokijua kinaitwa tifoidi.

Kuhusu ile hamu ya chumvi, hapo nilikuwa na akili zaidi. Mama yangu mzazi alikuwa fundi wa chumvi ya majivu. Nikaenda nyumbani nikaleta bakuli zima, nikaliweka kando ya kitanda kwa mikono miwili.

“Mama Faida, kula hii mpaka ushibe. Iko mingi.”

Alionja, akakunja uso. “Munganga, haiko hii mwili yangu inalilia.”

“Chumvi njo chumvi,” nikamwambia. “Usichague sawa bibi ya Komanda.”

Akala, maskini, kwa heshima. Asubuhi na jioni alikula, nami nilisimama pale nikimhimiza. Siku ya nne miguu ilikataa kumbeba. Siku ya tano nikashika mshipa wake, nikaona unakwenda polepole, unasimama, kisha unakwenda tena. Hapo ndipo niliogopa, nikakimbia kumwita Papa Radjabu.

Papa Radjabu alikuwa mzee wa maabara. Darubini yake haikutumia umeme. Ilikuwa na kioo cha kukamata jua, na siku ya mawingu alikasirikia kila mtu. Hakuwahi kumsifu muuguzi hata mmoja. Alipoingia hakuniuliza nimempa dawa gani. Alimwambia Mama Faida afungue mdomo. Kwenye fizi kulikuwa na madoa ya bluu-nyeusi, kama mtu aliyetoka kula matunda ya safu. Akamgeuza viganja: ile mistari ya kiganja, ambayo kwetu sote ni myepesi, kwake ilikuwa imekoza. Akatazama kovu jipya gotini, limekuwa jeusi kama masizi. Akampima presha akiwa amelala, kisha tukamkalisha akampima tena, ikashuka ghafla mpaka mama akaanza kuzimia. Yote hayo yalimchukua muda mfupi kuliko mnaotumia nyinyi kutafuta chaja.

“Zamani aliugua kifua?” akamwuliza mume.

“Ndiyo, Papa. Kifua kikuu. Alikunywa dawa, akapona.”

“Kifua ilipona. Ile ugonjwa ilishuka chini, ikakula tezi zake.” Kisha akaliona bakuli langu. Akachukua ile chumvi kidogo, akaramba, akatema dirishani. “Nani alileta hii?”

“Mie, Papa.”

“Hii iko chumvi ya mudomo. Haiko chumvi ya damu. Muntu anazama, weye unamupatia maji ya kunywa!”

Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Baadaye alinieleza, na nyinyi shikeni jambo hili hata mkisahau mengine yote. Zile tezi mbili ndizo zinazouambia mwili uitunze chumvi ya kawaida na kuitoa potasiamu. Zikifa, chumvi inapotea kwenye mkojo na potasiamu inajaa, na ikijaa sana moyo unalegea. Chumvi ya majivu ya majani ni potasiamu karibu yote. Mwenye tezi nzima anaila na sombe, anakwenda zake. Mama Faida nilikuwa nikimlisha, kijiko kwa kijiko, kile hasa kilichokuwa kinamwua. Mwili wake ulijua, ukamwambia, naye akaniambia mimi, na mimi nikamwambia chumvi njo chumvi.

Chumvi ya kweli iliyobaki hospitalini ilikuwa ndani ya chupa za serumu, yale maji ya chumvi ya kutundikwa mshipani. Papa Radjabu alizifungua bila kumwuliza mtu. Chupa ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, tukamrambisha na sukari. Jioni Mama Faida alitaka kujua nani anamlishia mtoto wake, na mimi nilitoka nje nikalia kwa furaha na kwa aibu, sijui ipi ilizidi.

Lakini serumu ni ya leo na kesho. Aliyepoteza tezi hizo anahitaji vidonge vya kuchukua nafasi ya tezi kila siku mpaka kufa, na duka letu la dawa lilikuwa na panya peke yao. Katika mji mzima prednisolone ilikuwa mahali pamoja tu: kwa Komanda. Alikuwa na pumu, na ndege zilimletea makopo kwa makopo. Alivimeza vidonge kila alipokohoa, na hata alipokasirika.

Papa Radjabu akanituma mimi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilimkuta Komanda amekaa barazani, mashavu yameumuka kama maandazi, tumbo limetangulia, shingo imeota nundu nyuma. Niliamua kusema kweli, kwa sababu uongo sikuwa nimeuandaa.

“Komanda, dawa hii ukiimeza vile unaimeza, mashavu itavimba, mifupa italegea, na sukari itapanda. Askari wataanza kusema Komanda amepata mimba.”

Walinzi wakatazama juu kwenye dari. Komanda akajishika shavu moja, kisha la pili. Akaomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, mtu yule aliyekuwa akitisha mkoa mzima, na nilimwona akimwogopa yule aliyemo kwenye kioo. Nikamweleza kwamba asiache ghafla, apunguze polepole, juma kwa juma, na nikamwandikia namna ya kupunguza. Nikaomba vitakavyobaki kwa ajili ya mgonjwa wangu, nikatoka pale na makopo mawili. Yeye alipungua mashavu, Mama Faida akapata nguvu, na hiyo ndiyo huduma pekee ninayojua jeshi lile liliwahi kuwafanyia wananchi.

Papa Radjabu akamfundisha Mama Faida mwenyewe, akimwambia arudie kama mtoto wa darasa la kwanza: vidonge kila asubuhi na chakula. Homa ikija, mara mbili. Ukitapika, kimbia hospitali uchomwe sindano. Kisha akamshika mkono, jambo ambalo sijamwona akilifanya kwa mgonjwa mwingine. “Na usikate hata siku moja. Hata ukikatazwa na munganga. Hata Zaina akikuambia.”

Nilinuna siku ile. Niliona mzee amenidharau mbele ya mgonjwa.

Leo vita imekwisha, reli inakwenda siku inayojisikia, na vidonge vile nilivyoviomba kwa Komanda vinauzwa sokoni kando ya sabuni. Wasichana wanavimeza ili wanenepe, wapate mashavu ya picha. Kuna bibi harusi mmoja alivimeza miezi mingi, akatoka amejaa, wakwe wakapiga vigelegele. Kesho yake akaviacha vyote, maana mume amekwisha kupatikana. Juma halijaisha akaletwa kwetu amelegea, presha haishikiki. Ndugu za mume wakasema amelogwa na wivu. Hakuwa amelogwa. Tezi zake, zilipoona kazi inafanywa na vidonge, zilikuwa zimelala, na hakuna aliyezipa muda wa kuamka. Hata nyinyi mnaocheka, wawili kati yenu mashavu hayo si ya mama zenu, nimewaona.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazungukia.

Miaka kadhaa baada ya vita, Papa Radjabu akiwa kaburini, alikuja Profesa kutoka mji mkuu kufanya utafiti wa magonjwa ya tezi. Alikuja na sanduku la barafu, na mirija ya damu yenye vifuniko vya rangi tatu. Alitukusanya akatuonyesha michoro ukutani mpaka jenereta ikazima. Aliposikia kwamba Alunguli kuna mwanamke aliyeishi na ugonjwa huo katika vita yote, aliruka kutoka kwenye kiti. Alitaka kupima damu yake ikiwa safi, bila dawa, aone tezi zimebaki na nini. Kwa hiyo mgonjwa aache vidonge siku tatu.

Nilijua. Nataka mlisome neno hilo polepole. Sikuhitaji kitabu. Nikasema kwa sauti ndogo, ile tunayoiweka kando kwa ajili ya wakubwa: “Profesa, haitakuwa hatari?”

Akatabasamu. “Mama, kuna protokoli.” Kisha akaongeza kwamba kwa msaada wangu mkubwa jina langu litaandikwa kwenye makala, litasomwa mpaka Ulaya.

Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wangu siku ile uliumbwa na tamaa. Jina langu, Zaina, mtoto wa mpika chumvi, lisomwe Ulaya! Nikavuka mto jioni ile ile.

Mama Faida alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Papa Radjabu alisema nisikate hata siku moja,” akasema. “Weye unasema je?”

“Mie njo nasema ukate. Siku tatu tu.”

Akakubali. Hakumwamini Profesa, hakumjua. Aliniamini mimi.

Siku ya tatu asubuhi mumewe alimvusha kwa pirogi, mtumbwi wao, mama anatapika njia nzima, watu wa bandarini wakitazama. Nilikuwa nimeivuta sindano ya hydrocortisone, iko tayari mkononi. Profesa akanyoosha kiganja.

“Bado! Ukimchoma sasa damu itaharibika. Mirija kwanza.”

Mishipa ilikuwa imezama. Alichoma mkono wa kulia, akachoma wa kushoto, akarudi wa kulia. Muda ule ungetosha kuivisha wali. Papa Assumani alisimama mlangoni akinitazama mimi, si Profesa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na mwenyeji alikuwa amelala pale macho yamegeuka juu. Mirija minne ilipojaa, Profesa akasema, “Haya, Mama,” ndipo nikachoma.

Alizinduka kesho yake. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa swali.

“Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua,” nikasema.

Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo vidonge vyake anapewa na muuguzi mwingine. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za watoto, lakini mkono wake wa kupimwa presha sijaushika tena. Inaniuma mpaka leo, na sijapata dawa yake.

Makala ilitoka. Mkurugenzi wetu aliichapa, akanipa nakala kwa shangwe. Mama Faida akasikia, akaja nyumbani kwangu yeye mwenyewe, akakaa, akasema nimsomee. Ilikuwa kwa Kifaransa, nikamgeuzia kwa Kiswahili. Nilifika mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa alivumilia vipimo vizuri, bila tatizo lolote.

“Rudilia pale,” akasema. Nikarudia.

“Na jina yako iko?”

“Iko.”

“Soma.” Nikasoma, mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo.

“Sasa soma yangu.”

Nilimwonyesha mahali palipoandikwa “mwanamke wa makamo, mkulima”. Nikamweleza kwamba majina ya wagonjwa hufichwa, ni kwa ajili ya kulinda siri.

“Siri?” akasema. “Kindu muzima iliniona natapika mu pirogi. Hii iko siri ya nani?”

Nilipowaahidi kuandika kumbukumbu hizi nilivuka mto kumwuliza kama naweza kumtaja. Alisema nimtaje, ila kwa jina lake mwenyewe, siyo la mtoto wake, na niandike yale ambayo makala haikuandika. Anaitwa Mwavua Salumu. Yuko hai, anameza vidonge vyake kila asubuhi. Aliambiwa aache dawa na muuguzi aliyejua, na siku ya tatu muuguzi huyo alikuwa na sindano ya kumwokoa mkononi, akasubiri, kwa sababu mkubwa alimwambia asubiri.